Hakuna Aliyeikimbia Filamu ya Vivuli

Siku mliyoniaga, vijana wangu, nilikula keki yenu, nikashukuru kwa blanketi, nikacheka pale palipopangwa nicheke. Kisha mmoja wenu, simtaji, anajijua, akasimama na maikrofoni akasimulia kisa cha filamu ya vivuli. Eti zamani huko mashambani Kakamega gari letu la sinema lilionyesha filamu ya kutisha, watu wakadhani zimwi limetoka kwenye kitambaa, wakatimua mbio hadi wengine wakapotelea kwenye miwa. Na eti mtangazaji wetu, Mzee Ainea, alinyang'anywa maikrofoni kwa sababu Kiswahili kilimshinda. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikaweka kijiko chini, na keki ile sikuimaliza.

Nilikuwepo. Mikono iliyoshika projekta jioni ile ni hii hii inayoandika. Hakuna aliyekimbia. Hata mbuzi hawakukimbia. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazini, nikawaambia nitaandika juu ya kutunza jenereta. Sasa jenereta itangoja, maana nimestaafu, hakuna wa kunifokea, na siwezi kulala na uongo ule ukiwa umetafunwa pamoja na keki yangu.

Nilianza kazi nikitoka Sigalagala, nilikosomea umeme. Nilidhani naajiriwa kurekebisha nyaya za ofisi. Nilipofika bohari ya kampuni pale Kakamega mjini, nikaonyeshwa gari la rangi ya samawati lenye spika mbili juu ya paa, na ndani yake projekta, rili za filamu kwenye mikebe ya bati, kitambaa cheupe kilichokunjwa kama hema, na jenereta. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka masokoni tukionyesha sinema bila malipo, na katikati ya sinema kuonyesha matangazo ya sabuni na majani ya chai. Kampuni ilijali sabuni. Watu walijali sinema. Sisi tulikaa katikati tukila vumbi.

Dereva alikuwa Abdalla wa Mumias, mtu wa swala zake na wa maneno machache, ambaye hawashi gari kabla ya kusema Bismillahi na kulipiga teke tairi la mbele. Aliponiona alinitazama juu hadi chini. "Dada, wewe utabeba jenereta?" Nikamwambia jenereta ina mishikio miwili, na mmoja ni wake. Toka siku hiyo tukaelewana.

Na alikuwepo Mzee Ainea. Nyinyi mnaweka filamu iliyotafsiriwa tayari, mnabonyeza kitufe, mnatoa simu mfukoni. Wakati wetu filamu zilizungumza Kiingereza cha puani, nami kazi yangu ilikuwa kupunguza sauti yake, naye Ainea anashika maikrofoni na kuisimulia yote kwa Kiswahili, akitia chumvi ya Kiluhya panapofaa. Alikuwa mwanamume, alikuwa mwanamke, alikuwa mtoto, alikuwa mbwa. Akilia mjane kwenye kitambaa, akina mama walifuta macho kwa sababu ya Ainea, si kwa sababu ya yule mjane.

Ndiyo, r na l zake zilikuwa zikitembeleana. Alisema "firamu", alisema "karamu" akimaanisha kalamu, na sabuni ya kufulia aliitangaza kuwa "sabuni ya kufuria". Watu walimtania kwamba sabuni hiyo inafua nguo na kusugua sufuria pia, wakainunua kwa kazi zote mbili, na kampuni haikulalamika hata siku moja. Kumbukeni hilo, nitalirudia. Na msidhani namcheka. Huku kwetu karibu sote tuko hivyo. Hata mimi mnayeniona hivi, nikipandwa na hasira r zangu huhama.

Siku yangu ya kwanza niliuvuta ukanda wa filamu kama kamba ya ndoo. Ainea akanishika mkono, akaniita mwanangu kwa Kiluhya. "Mwana wanje, firamu haivutwi. Iachie nafasi ipumue." Akanionyesha ule mzunguko mdogo unaoachwa juu ya taa na chini yake. Ukiwa mfupi, picha inaruka na ukanda unakatika. Ukiwa mrefu, unasugua na kuchunika. Akanifundisha kunusa taa ya projekta: harufu ya vumbi la moto ni salama, harufu ya siki ni filamu inayooza. Mzee huyu hakuwa fundi. Alijifunza kwa kukaa karibu.

Lakini somo lake kubwa halikuhusu mitambo. Kwanza, hakuanza sinema bila kuamkia mahali. "Mulembe!" angeita, na uwanja ukaitika. Kisha angemshukuru mwenye shamba, angewapa pole waliofiwa wiki ile. Pili, sinema ikiisha hakukubali tukunje vitu. Angewasha taa ya gari, ashuke katikati ya watu na maikrofoni yake yenye waya mrefu, aulize: "Haya, mmeonaje?" Hapo ndipo sinema ya kweli ilipoanza. Watu walisema. Walimsuta mwizi wa kwenye filamu, walimpangia binti mume mwingine, waligombana wao kwa wao juu ya mwisho ulivyopaswa kuwa. Kampuni haikutuagiza kufanya hivyo. Meneja alikuwa akilalamika tunapoteza mafuta ya jenereta. Ainea alimjibu kwamba mtu ukimlisha ni lazima umuulize kama ameshiba.

Sasa nije kwenye filamu yenyewe. Ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini, kuukuu, nyeusi na nyeupe, imekwaruzwa hadi ikawa kama inanyesha mvua tangu mwanzo hadi mwisho. Nadhani kampuni iliipata kwa bei ya bure. Kisa chake ni hiki. Jiwe linaanguka kutoka angani kwenye shamba la mtu katika mji mdogo wa Wazungu. Profesa mwenye miwani analigusa. Ndani ya jiwe kuna kitu kisicho na mwili, nacho chakula chake ni vivuli vya watu. Aliyeliwa kivuli hafi. Anaendelea kutembea, anatabasamu, anakusalimia kwa jina lako, ila moyoni hana mtu tena. Mji unakwisha mmoja mmoja. Mwishoni profesa anang'amua kwamba gizani hakuna mwenye kivuli, kwa hiyo kitu kile kitakosa chakula. Anapanda mnara wa kanisa, anawapigia kelele watu wote wazime taa. Taa zinazimika nyumba kwa nyumba, na kitambaa kinabaki cheusi kabisa. Basi, imekwisha.

Niliikubali filamu ile, licha ya mvua yake. Na watu wetu waliitazama kwa macho manne. Huko Matungu, mzee mmoja wa kofia alisema, "Wallahi, kisa hiki si cha ajabu. Mimi nina shemeji wa namna hiyo." Katika shule moja karibu na mji, msichana wa darasa la saba alishika maikrofoni akauliza mbona katika mji wote ule hamna mtu mweusi hata mmoja, cheusi ni vivuli peke yake, na ndivyo vinavyoliwa. Mimi nilisahau kuzima projekta. Hao ndio watu mnaosema waliona picha wakakimbilia kwenye miwa!

Ukaja mwaka ule uchaguzi wa vyama vingi uliporudi. Mnaokumbuka mnakumbuka. Magari yenye spika yalizidi, yetu likawa moja kati ya mengi, na kila gari lilikuwa na mtu wa kutabasamu juu yake. Watu ambao miaka yote hawakujua njia ya soko sasa walikuwa wakimsalimia kila bibi kwa jina. Wengine walikuwa wameandikiwa majina hayo kiganjani, nimeona kwa macho yangu.

Tukafika soko moja upande wa Navakholo. Silitaji, watu wake walishasumbuliwa vya kutosha. Tulipokelewa vizuri, tukapikiwa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, jua likazama, nikawasha jenereta. Uwanja ulijaa hadi kwenye boda boda za baiskeli zilizopangwa nyuma, watu wamekalia viti vya abiria. Ainea akaamkia mahali. Filamu ikaanza. Alikuwa na koo zuri jioni ile.

"Wanakuja na tabasamu," alisimulia pale waliopotewa na vivuli wanapogonga milango. "Wanakuita jina rako. Wanakuuliza habari ya watoto." Nikasikia uwanja ukianza kunong'ona. Halafu mtu akacheka. Halafu wengi. Sikuelewa upesi, nilikuwa naangalia ukanda, kulikuwa na kiungo dhaifu pale. Profesa akapanda mnara. Akafungua mdomo. Na Mzee Ainea, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, akapiga ukelele:

"Zimeni taa! Msiwape kura!"

Alikuwa anasema kula. Wasiwape cha kula, yaani vivuli vyao. Ndivyo alivyokuwa akisema soko baada ya soko, na hakuna aliyewahi kugeuza shingo. Lakini mwaka ule! Uwanja ulilipuka. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wengine wakakumbatiana. Hizo ndizo mbio zenu. Watu walisimama kwa furaha, mtu fulani akaona watu wamesimama, akaenda kusema wamekimbia. Nilibaki na kitambaa cheusi mbele yangu na uwanja mzima ukirudia neno lile gizani.

Mpambe wa mgombea mmoja alikuwepo. Kabla hatujakunja nyaya alikuwa ameshatoweka na baiskeli. Asubuhi wakaja askari wa utawala wawili, wakamchukua Mzee Ainea kwa uchochezi. Uchochezi! Mtu mwenye nywele nyeupe, shemasi wa kanisa lake, ambaye hakuwahi kupaza sauti bila maikrofoni. Nilipowauliza kosa lake nini, mmoja akaniambia, "Mama, amewaambia wananchi wasipige kura." Nikamwambia ni kula. Akasema ndiyo, ndiyo hiyo kura. Naye alikuwa mtu wa huku huku.

Chifu aliitisha baraza. Hakulitaka, maskini, alilazimishwa na afisa mmoja wa utawala aliyetoka mbali, jina lake nalimeza, aliyekuja na turubai lake na kiti chake. Turubai likafungwa, afisa akasimama chini yake pamoja na chifu. Mzee Ainea akakalishwa chini, juani, bila kofia. Sisi na watu wa soko tukawa juani pia. Nilimwona Abdalla akivua kofia yake ya kushonwa na kumvika Mzee kichwani, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mliokuwepo jana," afisa akasema, "mseme mlichosikia. Huyu mtu akipatikana na hatia ataenda ndani, na hataonekana tena na gari lolote hapa."

Mkulima mmoja wa miwa akainua mkono. "Alisema msiwape kura, mheshimiwa."

"Mmesikia! Kura!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kura. Yaani chakura."

"Chakula?"

"Ndiyo, chakura. Hata mimi asubuhi nimekura obusuma."

Watu wakaanza kukohoa ghafla, baraza zima lina mafua. Afisa akafuta uso. "Nauliza hivi. Ilikuwa kura ya kupiga, au kula ya kula?"

"Ndiyo hiyo," mkulima akasema. Hakuwa akifanya mzaha. Masikio yake hayakusikia tofauti, na ya Ainea hayakusikia, na mtu hufungwaje kwa tofauti asiyoisikia?

Mama mmoja muuza nyanya akajaribu kusaidia. "Mheshimiwa, ngoja nikueleze vizuri. Kula tutapiga siku ikifika. Jana yalikuwa mambo ya kukura." Hapo hata askari mmoja alimpa afisa mgongo, mabega yakamtikisika.

Afisa alikasirika. Akasema wananchi hawa hawajui lugha, hawakuelewa hata filamu, walikuwa wanashangilia bila kujua wanashangilia nini. Alisema hivyo mbele yao! Na hapo ndipo Kukhu Trufosa alipoinuka. Huyu alikuwa bibi, ndiyo maana ya kukhu, mwenye shamba lile tulilosimamishia kitambaa, mfupi, mkavu, mwenye fimbo ambayo hakuihitaji kutembelea.

"Mimi nina neno juu ya hiyo sinema," akasema.

"Mama, hatujaja kwa mambo ya sinema."

"Umesema tuliokuwepo tuseme. Mimi nilikuwepo. Wewe hukuwepo." Akaegemea fimbo. "Yule profesa hana adabu. Kitu kimeanguka kwa shamba la mwenyewe, yeye anaingia anakishika bila hodi. Hapa kwetu hata ng'ombe wa jirani akiingia kwa mahindi yangu, mwenyewe anakuja tunaongea. Kama angeuliza mwenye shamba, hakuna kitu kingetokea."

"Kweli, Kukhu!" watu wakaitika.

"Neno la pili. Yule mama wa kwanza alijua mtoto wake si yule. Siku ile ile alijua. Akasema. Wanaume wakamwambia apumzike, wakaenda kuita mtaalamu. Mpaka mji umekwisha ndipo wakajua kile mama alijua asubuhi." Akina mama waliguna kwa sauti moja. Mimi niliyeiendesha filamu ile masoko yote sikuwa nimeliona jambo hilo.

"Na la mwisho," akasema, na sasa alikuwa amemgeukia afisa kabisa. "Wale walioliwa vivuli walikuwa wanakaa wapi? Wanakaa ndani. Hawapendi jua. Mtu wa kawaida hana shida na jua. Sasa wewe, bwana, tangu asubuhi uko hapo chini ya turubai, na huyu mzee wa watu umemweka juani, kivuli chake tunakiona hapo chini, kizima. Chako hatujakiona. Hebu toka kidogo, mwanangu. Simama hapa na sisi, tukuone."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa karibu saa sita, jua la kupasua kichwa, na watu wote wale walikuwa wanatazama mstari wa turubai ulipoishia ardhini, karibu na ncha za viatu vya afisa. Angepiga hatua moja tu. Angecheka, angetoka, angesema "haya, Kukhu, kivuli changu hiki hapa", na watu wangempigia makofi, ndivyo tulivyo. Hakutoka. Alirudi nyuma kidogo.

Kisha akamwambia chifu baraza limefungwa, na kwamba mzee aachiliwe kwa onyo. Tulimwinua Ainea, miguu imekufa ganzi. Abdalla alimpa maji. Mimi nilidhani tumeshinda. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Afisa alipiga simu. Meneja wetu akaja kutoka Nairobi na suti yake, akatukusanya boharini, akasema kampuni haitaki matatizo na serikali, na kwamba kwa vyovyote vile Kiswahili cha Mzee Ainea "si sanifu na kinaweza kuleta kesi". Kuanzia siku hiyo asishike maikrofoni. Angebaki kubeba nyaya. Filamu zingesimuliwa kwa kaseti iliyorekodiwa studio.

Nikamwuliza: na sabuni ya kufuria, Bwana Meneja? Mlipoiuza miaka yote hiyo kwa r hiyo hiyo, haikuwa na kasoro? Akaniambia nijihadhari. Nilijihadhari, nilikuwa na watoto. Lakini hasira ile haijapoa hadi leo. Hawakumwondoa kwa sababu Kiswahili kilimshinda. Walimwondoa kwa sababu watu walimwelewa. Waliomwelewa vibaya na waliomwelewa vizuri, wote walimwelewa, na hilo ndilo lililomtisha mwenye turubai.

Ile kaseti ilikuwa na sauti nzuri ya kijana wa pwani, Kiswahili cha kumung'unya. Sina ugomvi na kijana yule wala na Kiswahili chake. Ugomvi wangu ni kwamba kaseti haisikii. Filamu ikikatika, na ile kuukuu ilikatika kila jioni, nilikata vipande vilivyochanika nikaunga kwa selotepu. Kila nilipokata, filamu ilizidi kuwa fupi na kaseti ikabaki vile vile. Baada ya masoko machache mbwa alibweka mdomoni mwa binti wa profesa. Watu walianza kuondoka katikati. Huko Malava mama mmoja alikuja hadi kwenye projekta akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo kaseti haitusikii. Wapi yule mzee?" Yule mzee alikuwa amekaa ndani ya gari, kiti cha mbele, madirisha yamefungwa. Alikuwa hashuki kabla ya wakati wa kukunja nyaya. Hakuamkia mahali tena, wala hakuna aliyeuliza "mmeonaje". Alianza kupungua mwili. Nilimwambia Abdalla mzee huyu anakwisha tukimwangalia, naye akasema anajua, anamsikia akisimulia filamu peke yake mle ndani, kwa kunong'ona.

Uchaguzi ulipita. Nani alishinda si kazi yangu kuandika hapa. Siku zikasogea, ratiba ikaturudisha soko lile lile la upande wa Navakholo. Ainea hakutaka hata kula tulichopikiwa. Kukhu Trufosa alikuja mwenyewe dirishani kumsalimu, akaitikiwa kwa kichwa. Uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Nikaweka filamu ya vivuli kwa sababu ndiyo waliyoiomba, nikaweka kaseti kwa sababu ndiyo niliyoagizwa. Walivumilia. Binti alibweka, wakavumilia.

Rili ya mwisho ikaingia. Kaseti ilikuwa imeachwa nyuma mbali, kijana wa pwani bado anasimulia milango inavyogongwa, ilhali profesa tayari anapanda ngazi za mnara. Nikashika kitufe cha sauti, nikakizungusha hadi sifuri. Kimya. Ilibaki ngurumo ya jenereta na tiktik ya ukanda. Profesa akafika juu, akashika ukingo, akafungua mdomo, na hakuna sauti iliyotoka.

"Zimeni taa!" Ilikuwa sauti ya Kukhu Trufosa, kali, kutoka mbele kabisa.

Na uwanja mzima, wakulima wa miwa, mama wa nyanya, vijana wa boda boda, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya pale, chifu mwenyewe nyuma na koti lake, wote kwa pamoja na wote kwa r:

"Msiwape kura!"

Taa zikazimika kwenye kitambaa, nyumba kwa nyumba, kikabaki cheusi. Sikuwasha ya gari. Watu walikaa gizani wametulia tuli, hakuna aliyeinuka, hakuna aliyekimbia, mnanisikia? Kisha mtu mmoja akaita kuelekea kwenye gari, "Mzee, haya, tuulize basi!" Wakaanza kupiga makofi ya polepole. Nikasikia Abdalla akifungua mlango wa gari. Nikachomeka waya wa maikrofoni. Mkono ukaja gizani, ukaichukua.

"Mulembe," Mzee Ainea akasema.

Jibu lao lilitikisa mikebe yangu ya bati.

"Haya. Mmeonaje?"

Walisema hadi jenereta ikaanza kukohoa kwa kukosa mafuta. Meneja alikuja kusikia, akaandika onyo, tukatia sahihi, tukaendelea. Katika masoko ya mbali kaseti iliendelea kuharibika yenyewe, sijui kwa nini, umeme una mambo yake. Mzee alistaafu akiwa na maikrofoni mkononi. Sasa amelala kwao, chini ya mti aliouchagua mwenyewe, na nyinyi mnamcheka na keki mdomoni.

Jioni ile ya pili, watu walipotawanyika, tulibaki wawili tukikunja nyaya, Abdalla akiwa ameenda kuswali. Nikaona ni wakati wa kuuliza nilichokuwa nimekibeba tangu barazani.

"Mzee, hapa tuko sisi tu. Siku ile, kabla hawajakukamata. Ulikuwa unasema ile ya chakula, au ile ya sanduku?"

Akaukunja waya wake hadi mwisho, akaufunga fundo, akaniwekea mkononi.

"Mwana wanje," akasema, "nirisema kura."